Mazishi ya Punda Nyuma ya Kisiwa cha Sinda

Hija Marijani alikuwa mtu wa bahari aliyenunua samaki sokoni. Aibu hiyo hakuzaliwa nayo, aliioa. Mkewe, Tunu, alitoka Mjimwema, ng'ambo ya bandari, katika ukoo wa wavuvi ambao hata paka wao, ukiwasikiliza wenyewe, alijua kutia chambo. Kila sikukuu kaka zake Tunu walivuka kuja Kurasini kula pilau ya shemeji yao, na kila sikukuu, vidole vikiwa bado na mafuta, walimwuliza yale maji anayokaa juu yake kutwa nzima ni ya kazi gani.

"Ya kunawia," mmoja wao alijibu kwa niaba yake.

"Mie navuta meli," Hija alisema. "Meli nzima na kisamaki cha shibiri moja, kipi kinataka mwanamume?"

Wakakubali kwamba meli inataka mwanamume. Kisha wakamwuliza mwanamume huyo yule changu wa kupaka aliye mezani kamnunua kwa nani.

Alikuwa serahangi, mshika usukani wa tagi. Siku hizo gati kubwa zilikuwa hazijajengwa. Meli za Ulaya zilitia nanga katikati ya bandari, na shehena ikashushwa kwenye matishali, yale mashua bapa ya chuma yasiyo na injini wala tanga, na tagi ikayaburura mpaka pwani. Tagi ya Hija ilikuwa fupi, pana kifuani, na bomba lake lilikohoa moshi mweusi tangu alfajiri. Ubavuni iliandikwa jina la mke wa mkubwa fulani, jina refu kama kanzu ya kuazima, na watu wa Kurasini hawakujisumbua nalo. Walimwita Punda. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Hija aliingia kwa Punda mwaka 1931, akiwa baharia wa kamba, na somo lake la kwanza lilikuwa kuiogopa amari. Amari ndiyo kamba ya kuvutia, nene kama paja la mtu aliyeshiba. Inapokaza huanza kulia, na ikilia hakuna anayesimama karibu nayo, kwa sababu ikikatika haichagui Mwislamu wala Mkristo. Sheria ya tagi ilikuwa moja tu isiyo na mjadala: mtu akionekana karibu na amari, injini inasimama, hata kama mwenye haraka ni Gavana.

Chini, tumboni mwa Punda, alikaa Gaspar, mtia makaa. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki, mwenye mabega ya kubebea mlango. Alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi ya garimoshi, akapanga foleni isiyo yake, na alipofika mbele akajikuta ameandikwa baharini. Kuogelea hakujua, na hakutaka kufundishwa. Alisema kazi ya tumboni inamfaa kwa sababu humo hayaonekani maji, kuna moto tu, na moto amezoeana nao. Akipanda juu kupunga upepo aliangalia mbinguni muda wote kama mkulima anayengoja mvua.

Sasa, Hija alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na watani hawasalimiani kama watu.

"Mtumwa wangu, umeamka?" Hija alimwita kupitia tundu la makaa kila asubuhi.

"Nimeamka kukulinda usije ukaiba nazi za watu."

"Nyie si babu zenu walikuja hapa na pembe za ndovu kichwani? Endelea kubeba, ndugu yangu. Usipoteze mila."

"Nitabeba. Siku nitakayobebwa na Mzaramo mvivu ndiyo siku dunia imekwisha."

Wageni walidhani watapigana. Lakini mama yake Hija alipofariki, wakati wa vita, Gaspar ndiye aliyefika wa kwanza, na ndiye aliyechimba kaburi. Jeneza lilipotoka mlangoni alikuwa amelala njiani, kavaa gunia, analia kwa sauti ya yule bibi kwamba anaondoka duniani bila kuacha mtoto isipokuwa tumbili mmoja anayeendesha birika la chai baharini. Hiyo ndiyo haki ya mtani. Njia imefungwa, na maiti hapiti mpaka mtani apewe kitu kitakachomridhisha. Alipewa kitambaa, akakitupa. Akapewa sahani ya wali, akaila papo hapo, njia bado imefungwa. Alipopewa jogoo mwekundu akainuka, akajitia chini ya jeneza. Hija, ambaye kwa siku mbili machozi yalikuwa yamemgomea, alicheka, na kicheko hicho kikamfungulia kilio. Hakulisahau jambo hilo, ingawa hakumwambia Gaspar, maana mtani hashukuriwi.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kosa.

Mwaka 1937 tishali moja kuukuu lilitoboka chini pasipozibika. Amri ikatoka kwamba livutwe mpaka nje kabisa, mahali bildi, ile risasi ya kupimia kina, inapoteremka pima arobaini, lizamishwe huko. Punda alilivuta tangu asubuhi. Walipofika nyuma ya kisiwa cha Sinda, nusu ya njia, tishali likaanza kunywa maji kama mtu aliyefungulia futari. Hija alitazama nyuma, akaona likiendelea hivyo litamzamisha na Punda. Akatupa bildi. Pima tisa, na chini mchanga mtupu, kama ua lililofagiliwa. Akalifungua likazama hapohapo, na aliporudi bandarini alisema neno moja tu ofisini: "Tayari." Huko wakaandika pima arobaini. Yeye akafika nyumbani wali ukiwa bado wa moto, na kusema kweli hilo ndilo jambo aliloliwazia siku hiyo.

Baada ya mwaka na nusu ikaja Idi, wakaja mashemeji, wakaja na maneno yao. Safari hii Hija alichomwa. Kesho yake akaazima kingalawa na mshipi, akasafiri. Sasa mtu asiyejua kuvua atatia wapi ndoana? Bahari yote aliyoifahamu aliifahamu kwa juu. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo alijua kuna nini chini, nyuma ya Sinda, na alipakumbuka kwa alama: mti mrefu wa mvinje wa Mjimwema umeingia nyuma ya ncha ya kisiwa, na mnara wa taa wa Makatumbe umesimama peke yake kulia. Akatia ndoana hapo. Jioni aliingia uani Kurasini na chewa ambaye mkia wake ulikuwa unafagia mchanga.

Tunu alimgeuzageuza yule samaki kutafuta ukambaa wa sokoni.

"Nani kakupa?"

"Bahari."

"Bahari gani hiyo inayokujua wewe?"

Akamkaanga lakini hakuamini. Juma lililofuata akaletewa kolekole wawili, akaanza kuamini, na juma la tatu akawatumia kaka zake tasi kumi kwenye kikapu bila neno lolote, na mwanamke anayejua kusema hivyo kwa kunyamaza ni wa kuogopwa.

Chuma kilikuwa kimegeuka mji. Samaki hapendi mchanga mtupu, kama binadamu asivyopenda kiwanja kisicho na nyumba. Anataka ukuta wa kuegemea na kona ya kujifichia wakwe. Hija alipolielewa hilo, kosa lake likaacha kuwa kosa, likawa tabia. Kila kitu kikuukuu kilichoamriwa kuzamishwa kwenye pima arobaini alikivuta mchana kweupe mpaka nyuma ya Sinda, akalinganisha mvinje na ncha ya kisiwa, akakiteremsha hapo. Alileta boya kubwa la chuma lililokufa kutu. Alileta miguu ya gati ya zamani, imefungwa juu ya mapipa matupu, ikielea nyuma ya Punda kama kitanda kinachohama nyumba. Akaongeza matishali mengine mawili. Mtaa wa tishali la kwanza aliuita Keko, wa boya akauita Mtoni, na ile miguu ya gati iliyosimama ovyo ovyo akaiita Temeke, kwa sababu ndivyo watu wanavyojenga Temeke. Kila mara alisema ofisini, "Tayari," na kila mara wakaandika pima arobaini.

Hakumwambia mtu. Katika hilo alikuwa amekuwa mvuvi kamili, kwani mvuvi atakupa binti yake lakini alama zake hakupi. Mashemeji walimfuata mara mbili na ngalawa yao, naye mara zote mbili aliwapeleka mbali, akatia ndoana penye mchanga, akakaa kutwa bila kupata hata dagaa ili nao wasipate. Aliporudi mikono mitupu alikuwa na furaha kuliko siku za chewa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka 1956. Gati mpya zikafunguliwa, meli zikaanza kufunga ukutani, na tagi mpya ikaletwa, ya dizeli, imepakwa rangi kama sanduku la biskuti. Hija alihamishiwa kwenye hiyo tagi mpya, akaichukia kwa moyo wake wote, kwa kuwa haikuwa na moshi wala kikohozi na hukujua kama imeamka. Punda alifungwa kwenye nguzo, ametulia, kinyesi cha ndege mgongoni. Na siku moja Bwana Hobsoni, mkubwa aliyesimamia vyombo vyote vya bandarini, alimwita Hija, akafunua ramani mezani.

"Serahangi. Punda nakwenda pima arobaini."

"Ndiyo, Bwana."

"Iko meli ya kupima bahari imepita kule. Natafuta matishali matatu na boya na gati. Hapana ona kitu."

"Bahari kubwa, Bwana. Pengine yametembea."

Bwana Hobsoni akakunja ramani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makaratasi tu, na karatasi zake zilikuwa zimemsaliti. "Safari hii nataka kuona kwa macho yangu," akasema. "Mimi nakwenda pamoja na wewe."

Usiku chakula hakikupita. Tunu akaondoa sahani, akaketi mbele ya mumewe.

"Haya, sema. Umefukuzwa?"

"Heri ningefukuzwa. Wanakwenda kumzika Punda."

"Chuma kile?"

"Miaka ishirini na mitano, Tunu. Kanilisha yule. Wanataka kumtupa kwenye giza la pima arobaini ambako hafiki mtu wala mshipi. Mie nilimwekea mahali." Na hapo, kwa mara ya kwanza, akaueleza mji wake wote, Keko na Mtoni na Temeke, na uwanja uliobaki katikati, mchanga mweupe, aliouacha wazi miaka yote bila kujua anamwachia nani. Alitaka Punda alazwe hapo, ili siku atakapostaafu akitia ndoana ajue yuko chini yake, pima tisa tu, umbali wa kuitana.

Tunu alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, ingawa ile miguu ya gati ilimjaribu.

"Mwambie mtani wako akusaidie."

"Mvuvi hatoi siri."

"Wewe si mvuvi, mume wangu. Wewe ni tajiri wa nyumba za kupanga." Lakini Hija hakwenda kwa Gaspar. Alikuwa amenyamaza miaka kumi na tisa, na kinywa kilichofungwa muda huo hakifunguki kwa siku moja.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi, maji yamelala. Tagi mpya ilitangulia, Hija kwenye usukani, Bwana Hobsoni kando yake na ramani yake na kofia yake nyeupe ngumu, ile chepeo ya kuzuia jua ambayo hakuivua hata alipokuwa kivulini. Nyuma, mwisho wa amari, alikuja Punda, boila limepoa. Ilibidi awepo mtu mmoja ndani yake, afungue vali ya maji itakapofika saa yake, kisha afuatwe na kidau. Kazi hiyo Gaspar aliiomba mwenyewe. Watu walishangaa, kwa sababu ilikuwa kazi ya kubaki peke yako ndani ya meli inayozama, na huyu ni mtu aliyeogopa hata kuvuka kwa pantoni. Hija aliona mtumwa wake amezeeka na akili zimeanza kuhama. Ile vali aliijua. Ilikuwa na gurudumu la shaba la ukubwa wa kisahani cha chai, ambalo Gaspar alilisugua kwa jivu na ndimu kila Jumamosi kana kwamba ni kikombe cha altareni.

Wakaipita Makatumbe. Wakakisogelea kisiwa cha Sinda. Hija hakutaka kutazama, lakini macho yake yalikwenda yenyewe, na aliuona mvinje ukianza kuingia nyuma ya ncha. Dakika tano tena na Punda atakuwa ameupita uwanja wake, na baada ya hapo ni giza.

Ndipo ukasikika mlio kutoka nyuma, kama wa mjane.

Gaspar alikuwa amepanda juu ya omo, mbele kabisa ya Punda. Kajifunga shuka jeupe, jivu usoni, mkononi sepetu ya makaa anayoigonga kwa nyundo, kwa mdundo wa msiba. Akaiacha ile sepetu, akaketi, miguu huku na huku, juu ya amari yenyewe.

Hija alizima injini kabla hajafikiri. Sheria ni sheria.

"Nini huyu nafanya?" Bwana Hobsoni aliuliza.

"Amefunga njia, Bwana."

"Njia gani? Hii bahari."

Hija akaeleza, kwa heshima zote, kwamba yule ni mtani wa wafiwa, kwamba hayo ni mazishi, na kwamba maiti hapiti mpaka mtani aridhike. Bwana Hobsoni akachukua tarumbeta ya kusemea, akamwamuru Gaspar atoke. Gaspar akajibu kwa kulia zaidi, akimtaja marehemu kwa sifa zake, jinsi alivyokula makaa bila kulalamika na jinsi asivyowahi kwenda choo mbele za watu. Bwana akamwambia Hija avute tu. Hija akasema kamba ikikaza itamkata yule mtu vipande viwili, na ofisini patatakiwa karatasi mbili. Hilo la karatasi lilieleweka.

"Anataka nini?"

"Hasemi, Bwana. Mtu anatoa mpaka yeye aridhike."

Bwana Hobsoni akatoa bati la biskuti. Hija akaingia kwenye kidau, akapiga kasia kuelekea kwa Punda, na moyoni alimlaani Gaspar kwa kumrefushia uchungu. Alipofika ubavuni akainua macho kutafuta lile jina refu la mke wa mkubwa. Hakuliona. Akatazama tena. Herufi zote zilikuwa chini ya maji.

"Gaspar," akasema polepole.

"Usinitazame kama mbuzi aliyeona kisu," Gaspar alimjibu kwa sauti ya chini, mikono imeibana omo mpaka vifundo vimepauka. "Vali nimeifungua tangu Makatumbe. Anakunywa, lakini taratibu, mzee huyu. Rudi na biskuti zako. Na upige kasia kama Mzaramo, sio kama mtu anayelipwa."

"Nani kakwambia pahala hapa?"

"Kwenda pima arobaini na kurudi ni sepetu mia sita za makaa. Wewe tangu mwaka wa thelathini na saba unachoma mia tatu na kitu. Nani alikuwa anazitia, mama yako?" Kisha akainua sauti ili afike hadi kwenye tagi mpya: "Biskuti marehemu hali! Marehemu anataka heshima!"

Hija akarudi. Katika maisha yake yote ya bahari hakuwahi kupiga kasia vibaya kama alivyopiga siku ile. Kidau kilizunguka mara mbili, mara moja akakosa maji kabisa. Akamweleza Bwana kwamba biskuti zimekataliwa. Ikatolewa chupa ya brandi, nusu. Hija akaipeleka kwa mwendo uleule wa konokono. Gaspar akaipokea, akainywa mbele ya watu, akapangusa mdomo, akatangaza kwamba marehemu ameshukuru lakini njia bado imefungwa. Maji yalikuwa yamefika kwenye mbao za sitaha. Hija akarudi tena, akiuma midomo asicheke.

"Nini tena?" Bwana Hobsoni alisema. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nadhani, Bwana, ni kofia."

"Kofia yangu?"

"Kwetu mwenye cheo akimzika mtu wa kazi humwachia kitu cha mwilini mwake." Kwetu hakuna desturi hiyo. Hija aliitunga pale pale, na mpaka anakufa hakuwahi kuitubia.

Bwana Hobsoni alimtazama yeye, akamtazama yule mtu wa jivu, akaitazama saa. Akaivua chepeo, akaitupa ndani ya kidau kama mtu anayetupa mfupa. Hija aliibeba magotini safari nzima. Gaspar akaivaa juu ya shuka lake, akalegeza amari kutoka kwenye kigingi, na akateremka ndani ya kidau kwa macho yaliyofumbwa, mkono mmoja umeshika ubao, wa pili umebaki ndani ya shuka.

"Serahangi! Ile meli nazama!" sauti ikaja kwa tarumbeta. "Funga vali!"

"Haifungiki, Bwana," Gaspar akajibu bila kufumbua macho. "Gurudumu lake lilikatika siku nyingi."

Punda alikwenda kwa makalio, bila kelele, kama mnyama anayelala. Bomba lilibaki juu kwa muda, likatoa pumzi moja ya masizi ya zamani, likafuata. Bwana Hobsoni alikuwa amesimama kichwa wazi juani, na kwao hiyo ndiyo heshima ya maiti, kwa hiyo kila mtu alipewa stahili yake. Hija alitazama mvinje, akatazama mnara wa taa. Punda alikuwa katikati ya uwanja. Alimpenda Gaspar wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda ndugu wa tumbo moja, na akamwambia, "Shuka lako linanuka."

Ofisini Bwana Hobsoni aliketi na kalamu yake kwa muda mrefu. Angeandika nini? Kwamba alinyang'anywa kofia na mtia makaa kwa niaba ya meli? Mwisho akaandika pima arobaini, na tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za matishali.

Hija alistaafu mwaka uliofuata. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, alikwenda Keko, ile ya nchi kavu, nyumbani kwa Gaspar na samaki wa juu ya Punda, kwa sababu Wakatoliki Ijumaa hawali nyama. Alimkuta kakaa kibarazani na chepeo kichwani, akamtupia samaki miguuni na kumwambia mtumwa hula anachopewa. Mkewe Gaspar, Auleria, alikwishakata tamaa ya kuwafundisha adabu. Kofia ile Hija aliitaka. Aliiomba, akajaribu kuiiba mara mbili, mara ya pili akiwa na umri wa miaka hamsini na nane, kwa kupitia dirishani. "Utaipata nikifa," Gaspar alimwambia.

Akafa, mwaka 1959, kwa homa ya siku nne.

Jeneza lilipotolewa mlangoni Keko, Hija alikuwa tayari amelala njiani kwa kukingama, kavaa gunia jeusi la makaa alilolitafuta bandarini siku mbili. Alilia kwa sauti nzito ya Tabora kwamba anaogopa, njia ina umande, asibebwe kupita karibu na maji. Watu wakaanza kucheka, hata padri akageuka pembeni. Hija akatangaza kwamba njia imefungwa. Hataki jogoo, hataki wali, wala asiletewe kitambaa. Anataka chepeo.

Auleria akasimama juu yake, kanga ya msiba kichwani.

"Shemeji, kofia imo ndani ya jeneza. Ameniusia nimlaze nayo kifuani. Kasema, nikiiacha nje, Mzaramo ataivaa."

Hija akacheka, akacheka mpaka gunia likamwaga vumbi, akalipiga jeneza kofi ubavuni, akamwita aliyemo mwizi.

"Lakini alisema ukilala njiani nikupe hiki," Auleria akaendelea. Akafungua fundo la kanga, akamwekea kifuani kitu kizito. Kilikuwa gurudumu la shaba, la ukubwa wa kisahani cha chai, limesuguliwa kwa jivu na ndimu mpaka linaona haya. Halikuwa limekatika popote. Yule mtu aliyeogopa maji alikuwa amelifungua siku ile na kulichomoa, akalificha ndani ya shuka, ili mtu yeyote asiweze kuifunga vali tena, hata yeye mwenyewe kama moyo ungemgeuka.

Hija alikaa nalo mavumbini. Akainuka, akalitia mfukoni, akajipenyeza chini ya jeneza upande wa kichwani, na njia nzima mpaka makaburini alilalamika kwamba Mnyamwezi huyu ni mzito, kwamba ni samaki wake ndio waliomnenepesha, kwamba tangu dunia iumbwe haijaonekana Mzaramo kumbebea Mnyamwezi mzigo. Machozi aliyaacha yateremke tu, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.